Acheni katalizeri mahali pake

Vijana wenzetu wa Kavumu, Miti, Mudaka, Bagira, Kadutu na Ibanda, na nyinyi wote wenye mnatusoma kwenye simu,

Hapa kwetu mtu akisema neno "risasi", kila mmoja anatafuta mahali pa kulala chini. Leo tunazungumza risasi ingine: ile chuma laini yenye shuleni walitufunza kwa jina la plomb, yenye kwa miaka mingi walikuwa wanaichanganya ndani ya esansi. Hiyo nayo inaua, lakini bila kelele. Ilishatoka kwenye pompi zetu, na wengi wetu hatukujua hata siku yenye ilitoka. Kitu chenye kinatusumbua ni vile sisi wenyewe vijana tunatupa nusu ya faida yenye ilikuja na kutoka kwake, tena tunalipa fundi ili atusaidie kuitupa.

Mnajua motokari yenye tunasema. Jumamosi ya ndoa, msafara unapanda Nyawera, na katikati yake kuna Toyota moja ao Subaru yenye inapasuka kama mahindi kwenye sufuria. Ama jioni, kwenye lami ya kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu: unaisikia mbele ya kuiona, na ikishapita unabaki na harufu yenye inakamata macho. Kijana mwenye anaiendesha anafurahi, rafiki zake wanafilimu. Pale Mudaka, bamama wenye wanauza nyanya na unga wa mihogo wamekaa chini kando ya barabara, mtoto mgongoni. Angalieni vizuri urefu wa bomba ya moshi na urefu wa pua ya yule mtoto. Ni karibu sawasawa.

Ile sauti inatoka wapi? Mara nyingi fundi amekata katalizeri. Ni kile kipande kinene cha chuma, kama kopo kubwa, chenye kinakaa kati ya moteri na bomba ya nyuma. Fundi anakitoa, anaweka tube tupu pale, anasoma, kwisha. Dakika chache. Wengine wanakata juu ya sauti. Wengine waliambiwa motokari itakuwa na nguvu zaidi. Wengine iliziba na hawana pesa ya ingine. Na wengine hawajui hata kama yao ilikatwa, juu ilikatwa mbele motokari haijapanda meli.

Hiyo ya mwisho haiko uongo wa mtaani. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti Oktoba 2020 juu ya motokari za okazioni. Kati ya 2015 na 2018, nchi tajiri zilituma inje motokari ndogo milioni 14 zenye zilishatumika, na sehemu kubwa zaidi ilikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi waliangalia zile zenye zinapita kwenye bandari zao: nyingi hazikuwa tena na karatasi ya kontroli yenye muda mzuri, na zingine zilikuwa zimetolewa katalizeri. Yaani hata mbele ya kufika Mombasa ao Dar es Salaam, mbele ya kuvuka mpaka na kushuka Bukavu, motokari ilishaibiwa pafu lake.

Sasa tueleze kazi ya hilo pafu, juu mtu hawezi kuheshimu kitu chenye hajui. Ndani ya lile kopo kuna kitu sawa vile sega la asali: matundu madogo sana, maelfu, na juu ya kuta zake wamepaka utando mwembamba wa madini ya bei: platini, paladi na rodi. Moshi ya moteri ikipita pale ikiwa na moto wa kutosha, gesi mbaya zinageuka. Monoksidi ya kaboni, ile yenye inaua watu wenye wanalala na mbabula ndani ya nyumba, inakuwa dioksidi ya kaboni. Mabaki ya esansi yenye haikuungua, pamoja na benzeni yenye inaleta kansa, yanakuwa maji na dioksidi ya kaboni. Gesi za nitrojeni zenye zinachoma mapafu zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida, ile yenye tunapumua kila siku. Katalizeri nzima, kwenye moteri yenye inafanya kazi vizuri, inapunguza sumu hizo kwa sehemu kubwa sana. Ukiitoa, zote zinatoka mbichi.

Na njo hapa risasi inaingia. Mwaka 1921, Thomas Midgley, muinjinia wa General Motors huko Marekani, alitambua kwamba ukitia kidogo cha dawa fulani ya risasi ndani ya esansi, moteri inaacha kugonga. Ilianza kuuzwa mwaka 1923. Oktoba 1924, kwenye kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi watano wenye walikuwa wanatengeneza dawa hiyo walikufa kisha kurukwa na akili, na magazeti yakaiita gesi ya wazimu. Siku chache kisha, Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono na dawa ile na kuinusa, ili aonyeshe kwamba haina shida. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kujitunza juu ya sumu ya risasi mwaka mmoja mbele yake. Tangu pale, dunia nzima iliivuta kwa miaka karibu mia moja.

Risasi haiozi. Ikiingia mwilini mwa mtoto inaenda kwenye ubongo na kwenye mifupa. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, anakasirika haraka, na hakuna dawa yenye inarudisha kile chenye kilipotea. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema wazi kwamba hakuna kipimo cha risasi ndani ya damu chenye kinajulikana kuwa salama. Hata kimoja. Ikianguka kwenye udongo kando ya barabara, inabaki pale, na watoto wanacheza juu yake.

Nchi tajiri zilianza kuitoa miaka ya 1970, na haikuwa tu juu ya kuhurumia watoto. Ilikuwa pia juu ya katalizeri. Walitaka kuiweka kwenye kila motokari mpya, na wakaona kwamba risasi inafunika yale madini ndani ya sega: tanki chache tu za esansi ya risasi, na katalizeri imekufa. Hivi viwili haviwezi kukaa nyumba moja. Japani, kwenye zinatoka karibu motokari zetu zote za usukani wa kulia, ilishaacha risasi kwenye miaka ya 1970 na 1980. Maana yake Toyota yenye uko nayo leo iliundwa kuishi bila risasi na kuishi na katalizeri. Kiti cha valve zake ni kigumu, hakihitaji risasi ya kukilinda. Mtu mwenye anakuambia kwamba esansi ya zamani ilikuwa na nguvu kuliko hii na moteri yako inaililia, anazungumza juu ya moteri ya babu yake.

Afrika ilichelewa. Juni 2001, nchi za Kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa. Kufika mwanzo wa 2006, ilikuwa imekwisha kwenye pompi za eneo letu lote. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na tarehe 30 Agosti mwaka ule UNEP ikatangaza kwamba hakuna tena nchi yenye inauzia motokari esansi ya risasi. Walihesabu kwamba hiyo inaokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Sisi wenye tulizaliwa mbele ya 2006 tulivuta ile moshi, na hakuna mtu mwenye alikuja kutupima damu. Kinshasa angalau watafiti walipima watoto kisha esansi kubadilika: waliona risasi imeshuka, lakini bado iko juu kuliko inavyotakiwa.

Kama mnauliza juu ya nini ilichelewa vile, jibu moja ni pesa, na hapa kwetu tunaijua hiyo lugha. Kampuni Innospec, yenye ilikuwa inatengeneza dawa ya risasi kule Ellesmere Port, Uingereza, mwaka 2010 ilikubali mbele ya mahakama za Uingereza na Marekani kwamba ililipa rushwa kwa wakubwa wa Irak na Indonesia ili waendelee kuinunua. Uingereza yenyewe ilikuwa imeshaikataza barabarani kwake. Watoto wao hapana, watoto wa wengine ndiyo.

Kwa hiyo mtu akikata katalizeri yake leo pale Kavumu, anafanya nini? Watu walipigana miaka makumi ili esansi iwe safi kiasi cha kuruhusu kile kipande kuishi. Esansi ilikuja. Kipande kilikuja, kimelipwa tayari ndani ya bei ya motokari. Na sisi tunakikata ili bomba ilie vizuri kwenye ndoa ya rafiki.

Tena angalieni kile kipande kinaenda wapi. Fundi akikikata hakitupi. Kuna mtu anapita kununua. Mwaka 2021 bei ya rodi kwenye soko la dunia ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja, ndiyo maana huko Ulaya na Marekani wezi wanalala chini ya motokari za watu usiku na msumeno. Hapa hawana haja ya usiku. Mwenye motokari analeta yeye mwenyewe, anaacha katalizeri kama sehemu ya malipo ya kazi, anashukuru. Sisi watu wa Kivu, wenye kila siku tunalalamika kwamba koltani na dhahabu zinatoka kwa bei ya bure, tunatoa platini kwa bei ya bure kabisa. Sehemu kubwa ya ile platini na rodi ilichimbwa Afrika ya Kusini, ikaenda kutengenezwa mbali, ikarudi chini ya motokari, na inaondoka tena ndani ya gunia ya chuma kikuukuu.

Kuna maneno ingine yenye inazunguka kati ya vijana wenye wanapenda mbio, na inatuogopesha zaidi: mafuta ya ndege. Utasikia mtu anasema, "Mimi niko na mtu pale uwanja, atanitafutia bidoni moja, utaona vile itaruka." Tusikilizane vizuri hapa, juu kuna vitu viwili tofauti vyenye vinaitwa mafuta ya ndege.

Ndege kubwa, na zile ndogo za turbini zenye tulikuwa tunaona kila mara zikishuka Kavumu, zinatumia Jet A-1. Hiyo ni ndugu wa karibu wa petroli ya taa. Haina risasi, lakini ndani ya moteri ya esansi ni balaa: oktani yake iko chini sana, moteri inagonga, moshi mweupe, buji zinachafuka, na kisha wiki uko unatafuta pistoni ya kununua. Mtu akikuuzia bidoni yenye imetoka kwa ndege, kwa uwezekano mkubwa ni hiyo, na amekula pesa yako.

Ya pili inaitwa avgas. Hiyo ni ya ndege ndogo za pistoni, Cessna za zamani na dada zake. Wanaipaka rangi ya bluu ili isichanganywe na ingine. Na avgas ya kawaida, 100LL, bado iko na risasi hadi leo, inaweza kufika gramu 0.56 kwa litri moja. Zile herufi LL zinasema risasi kidogo. Kidogo kulingana na avgas ya zamani, haiko kidogo kwa mtoto. Lile tangazo la 2021 lilihusu motokari tu, ndege ndogo zilibaki. Oktoba 2023 serikali ya Marekani iliandika rasmi kwamba risasi ya ndege hizo ni hatari kwa afya ya watu, na mbele yake kaunti moja ya California, Santa Clara, ilishakataza kuiuza kwenye viwanja vyake kuanzia 1 Januari 2022, kisha kupima damu ya watoto wenye wanaishi karibu.

Mtu akiweka avgas kwenye motokari yenye iko bado na katalizeri, anaiua. Akiiweka kwenye motokari yenye ilishakatwa, risasi inatoka yote kwa bomba, gizani, bila mtu kujua, na inaanguka kwenye udongo wa Miti na Kavumu mwenye watu wanalima maharagi. Na faida yake? Hakuna. Oktani haiko nguvu. Oktani ni vile esansi inavumilia kukandamizwa bila kulipuka mbele ya saa. Moteri ya mbio ya kweli inakandamiza sana, njo maana inahitaji oktani ya juu. Moteri ya Toyota yako ya kila siku haikandamizi hivyo; uipe oktani 91 ao 100, itakimbia sawasawa. Hata wenye mbio wenyewe waliacha: NASCAR ya Marekani, yenye ilishikilia esansi ya risasi kwa miaka mingi, ilikuwa imeitupa kabisa kufika 2008, na magari yao hayakuanza kutembea polepole.

Tunajua kuna wenye watatuambia, "Nyinyi mnaongea, lakini katalizeri yangu iliziba, motokari haipandi tena mlima, ningefanya nini?" Hii ni sauti ya kweli na hatuidharau. Mtu wa taksi kati ya Bukavu na Kavumu anahesabu kila franka; katalizeri mpya inaweza kuwa na bei ya mapato yake ya miezi. Lakini katalizeri haizibi yenyewe. Inaziba juu moteri inakula mafuta ya moteri, juu buji moja imekufa na esansi mbichi inaenda kuungulia mle ndani, ama juu esansi ya kadhafi ilichanganywa na petroli ya taa. Fundi mwenye anakata bila kuangalia hayo amekuondolea dalili, ugonjwa umebaki. Kisha mwaka moteri yenyewe itakufa.

Na juu ya wakadhafi: hatutaki mtu achukue maneno yetu ili aende kunyanyasa kijana mwenye anauza chupa kando ya barabara. Yeye anauza chenye alipata. Swali liende juu, kwa wenye wanaingiza cisterne nzima. Nchi za Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 mazuti isipitishe sehemu 50 za salfa kwa milioni, juu salfa nayo inachafua katalizeri. Kongo iliingia kwenye Jumuiya hiyo mwaka 2022. Tumeingia kwenye soko; tuingie pia kwenye kipimo.

Wengine watasema moshi ya makala jikoni inaua zaidi kuliko motokari. Inaweza kuwa. Yule mama wa Mudaka anavuta ya jikoni asubuhi na ya barabara mchana, hakuna mwenye alimuuliza achague.

Kwa hiyo tunadai, na tunadai kwa majina ya ofisi. Ibara ya 53 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. OCC, yenye inachukua pesa ya kukagua vitu vyenye vinaingia, itangaze hadharani vipimo vya esansi na mazuti yenye inaingia Kivu ya Kusini: oktani, salfa, risasi. Ibandike hata kwenye mlango wa ofisi, tutapita kupiga picha. Kontroli teknike yenye tunalipia iache kuwa karatasi tu. Mtu ainame aangalie chini ya motokari, na motokari yenye inaingia mpakani bila katalizeri mwenye kuileta ajibu, haiko yule wa mwisho mwenye aliinunua kwa mkopo. Wasimamizi wa uwanja wa Kavumu waseme wazi kama kuna avgas yenye inawekwa pale, inatunzwa na nani, na inaondoka kwa karatasi gani. Na kule Lwiro, kilomita chache tu kutoka Kavumu, tuko na kituo cha utafiti cha CRSN chenye kilianzishwa tangu wakati wa Wabelgiji. Wapewe njia ya kupima udongo wa kando ya barabara na damu ya watoto wa shule za hapo karibu. Kenya, kwenye kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu walipata haki mahakamani mwaka 2020 dhidi ya kiwanda chenye kiliyeyusha betri kati ya nyumba zao, na waliipata juu mama mmoja, Phyllis Omido, aliona damu ya mtoto wake imepimwa. Bila kipimo, tutaendelea kuambiwa tunasema ovyo.

Wapolisi wa PCR, nyinyi tunawajua. Hatuombi muongeze amende ya katalizeri kwenye zile zingine zenye hazina karatasi ya malipo.

Sisi wenye motokari, ao wenye tunaendesha ya mkubwa: inama leo jioni uangalie chini, moteri ikiwa imepoa. Fuata bomba kutoka moteri kwenda nyuma. Karibu na moteri ao chini ya viti vya mbele unapaswa kuona kopo nene lenye ngao ya bati. Kuna motokari zingine limefungwa juu kabisa, palepale moteri inatolea moshi, kwa hiyo fungua kofia pia. Ukiona tube nyembamba tupu na alama mbili za kusomewa, ilikatwa. Moshi ikikamata macho hata moteri ikiwa moto, ni dalili ingine. Na fundi akikuambia yako imeziba na lazima aikate, muombe kwanza akuonyeshe buji zote nne, moja moja, na rangi yake. Akikataa kuzifungua, lipa dyanyosti yake na upeleke motokari kwa mwingine.